Mbona Ibrahimu Hakuomba Kupunguziwa?

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani. Soma kwanza: Mwanzo 23 yote, 2 Samweli 24:18–25, Mambo ya Walawi 25:14.

Wiki hii tunaingia sokoni, na tunaingia na Biblia mkononi. Najua wengi wenu mnasoma kijarida hiki mkiwa kibandani, kati ya mteja mmoja na mwingine, kwa hivyo somo hili ni lenu hasa.

Nilipokuwa chuoni nikisomea biashara, kitu cha kwanza tulichochorewa ubaoni ni mstari unaoteremka. Bei ikipanda wanunuzi wanapungua, bei ikishuka wanaongezeka. Ni kweli, na hakuna mama mboga wa Majengo anayehitaji digrii kulijua hilo. Lakini hebu tembea kutoka mzunguko wa Makupa mpaka Mwembe Tayari macho yakiwa wazi. Utaona watu wanafanya kinyume cha ule mstari mchana kutwa. Mtu anaacha mahamri ya shilingi 10 yaliyo mlangoni kwake, anavuka barabara kufuata ya shilingi 15. Dada anayetoka kesha saa kumi alfajiri anawapita bodaboda watatu waliokaa tu pale, anampigia simu yule mmoja anayemjua, anamngoja kwenye giza, kisha anamlipa shilingi 50 zaidi. Hakuna aliyemlazimisha. Sasa kwa nini?

Kabla ya kujibu, tuwatoe kando wale ambao hawakuchagua. Mama anayepimiwa mafuta ya kupikia ya shilingi 20, na kesho tena ya 20, na keshokutwa tena, mwezi ukiisha amelipa kuliko jirani yake aliyenunua mtungi wa lita tano. Anajua. Hesabu anaijua kutushinda sisi tunaomhubiria. Ila pesa ya mtungi hana kwa mara moja. Vile vile anayenunua maji ya mkokoteni wakati bomba limekauka wiki nzima. Huyo analipa zaidi kwa sababu umaskini wenyewe una kodi yake, na si busara kumsimamisha mtu kama huyo na kumfundisha habari za nidhamu ya matumizi. Tafadhali viongozi wa vikundi, hapo msikae sana.

Kuna wengine wanaolipa zaidi ili waonekane. Hili si jambo jipya. Mwaka 1899 mwanauchumi mmoja wa Marekani, Thorstein Veblen, aliandika kitabu kizima kuhusu watu wenye mali wanaonunua kitu kwa sababu ni ghali, si licha ya kuwa ghali. Bei yenyewe ndiyo bidhaa. Simu ya laki moja na mtu analala kwa rafiki. Ukumbi wa harusi wa mkopo. Hao tunawajua, tumewahubiria mara nyingi, na leo tuwaache wapumzike.

Ninaowataka leo ni watu wa kawaida, wenye akili zao, wanaohesabu kila shilingi, na bado wanaamua kulipa zaidi. Mfano ulio mkubwa kuliko yote hapa Kenya uko mfukoni mwako. M-Pesa ilianza Machi 2007. Leo ukituma shilingi 1,000 unakatwa 13, na anayepokea akizitoa anakatwa tena. Kwa miaka sasa Airtel imekuwa na huduma yake ya kutuma pesa, na kati ya wateja wake wenyewe kutuma ni bure. Bure, wapendwa! Kwa ule mstari wa ubaoni, Wakenya wote wangekuwa wamehama zamani. Hawajahama. Kabla ya hapo tuliona jambo hilo hilo kwenye kupiga simu: Agosti 2010 kampuni iliyokuwa ikiitwa Zain, ambayo baadaye mwaka huo ikawa Airtel, ilishusha bei mpaka shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. Watu walishangilia mitaani. Aprili 2011 serikali ikaruhusu mtu kuhama mtandao na namba yake ile ile, ili kile kisingizio cha "namba yangu inajulikana" kiishe. Waliohama walikuwa wachache, na Safaricom ikabaki kubwa kuliko wote.

Nitasema ukweli wa pande zote. Sehemu ya sababu ni kwamba watu wote unaowajua wako huko. Ukiokoa shilingi 13 kwa kutumia njia ambayo shangazi yako wa Mariakani hana, umeokoa nini? Kwa hivyo si mapenzi yote. Nyingine ni kufungwa na umati. Lakini muulize yule mama anayetuma karo. Atakwambia: nikituma najua imefika, jina linatokea, ujumbe unakuja, na wakala yuko kila kona. Yeye hanunui kutuma pesa. Ananunua kutokuwa na wasiwasi. Zile 13 ni bei ya kulala usingizi.

Dada wa kesha naye ni hivyo hivyo. Barabara ni ile ile, pikipiki ni ile ile. Zile 50 za ziada ni za kufika nyumbani salama bila kushika moyo njia nzima. Na yule mwenye duka wa mtaani, ambaye unga wake ni ghali kuliko wa Kongowea, kwa nini watu hawamkimbii? Manake ana daftari. Tarehe 22, mshahara umeisha na mtoto anataka mkate, Kongowea haikujui kwa jina. Yeye anakujua. Unapolipa shilingi tano zaidi tarehe 2, unalipia mkate wa tarehe 22. Sisi tuliosoma vitabu vya biashara tungeiita bima. Mtaani inaitwa tu kujuana.

Haya, sasa twende Hebroni.

Sara amekufa akiwa na miaka 127. Ibrahimu anainuka mbele ya maiti wake, anaenda kwa wana wa Hethi, na neno la kwanza analosema kuhusu nafsi yake ni kwamba yeye ni mgeni na msafiri kati yao. Hana hata futi moja ya ardhi. Ahadi ya nchi yote anayo, hati hana. Anaomba pango la Makpela, la Efroni mwana wa Sohari, na anasema tangu mwanzo kwamba atalipa thamani yake kamili. Efroni, mbele ya watu wote langoni, anasema: chukua bure, pango na shamba, zika maiti wako. Ibrahimu anakataa. Efroni sasa anataja bei kwa lugha tamu sana, eti shamba la shekeli 400 za fedha, hiyo ni nini kati yangu na wewe? Na Ibrahimu, tajiri, mfanyabiashara, mzee aliyejadiliana na Mungu mwenyewe juu ya Sodoma kutoka watu 50 mpaka 10, hapa hasemi neno. Anapima shekeli 400, kwa kipimo kinachokubalika kwa wafanyabiashara, na anamkabidhi.

Je, 400 ni nyingi? Linganisha. Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 (Yeremia 32:9). Daudi alinunua uwanja wa kupuria wa Arauna pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50. Nyakati ni tofauti, najua, na Yeremia alikuwa ananunua mji ukiwa umezingirwa, wakati ambapo ardhi haina mnunuzi. Lakini 400 bado inasimama juu sana. Wafafanuzi wengi wanaamini Efroni alitaja bei ya kuanzia mazungumzo, ile ya "haya na wewe sema yako", kama tunavyofanya Marikiti. Ibrahimu hakusema yake.

Kwa nini? Sisi watu wa Mombasa tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Ni wangapi hapa Majengo wana nyumba lakini ardhi si yao? Nyumba bila ardhi: ukuta wangu, mabati yangu, lakini kila mwezi nalipa kodi ya kiwanja, na mwenye kiwanja akiuza, mimi na ukuta wangu tunaanza kuhangaika. Mababu waliruhusiwa kujenga kwa neno la mdomo, kwa ujirani na hisani, na wajukuu wanapelekwa kortini kwa sababu hisani haina karatasi. Pango la bure la Efroni lingekuwa nyumba bila ardhi. Efroni akifa, mwanawe angekuja na kusema: mzee wangu aliwaachia tu mzike, sasa ondoeni mifupa yenu. Soma mstari wa 17 na 18 uone jinsi Maandiko yanavyohesabu: shamba, pango, na miti yote iliyokuwa mipakani pande zote, vikawa mali ya Ibrahimu, mbele ya mashahidi, langoni mwa mji. Hiyo ni hati kabisa. Zile shekeli za ziada hazikununua udongo. Zilinunua kutokubishaniwa. Na matunda yake yalionekana: alizikwa hapo Ibrahimu mwenyewe, kisha Isaka na Rebeka, na Lea; na Yakobo alipokuwa anakufa Misri, na Misri haikukosa makaburi mazuri, alitaja pango hilo, jina la muuzaji likiwemo, na akaagiza apelekwe huko (Mwanzo 49:29–32).

Naomba tusiruke jambo moja hapa, kwa sababu nimesikia fungu hili likihubiriwa upande mmoja tu. Ibrahimu kulipa hakumfanyi Efroni kuwa mwema. Efroni alimwona mgeni, tena mfiwa, maiti yuko nyumbani, na akataja bei. Mtu mwenye maiti hana nguvu ya kujadiliana. Ndugu unayeuza jeneza, unayekodisha gari la kupeleka mwili bara, unayekodisha hema na viti vya matanga: mteja wako hatauliza bei mara mbili. Atalipa. Machozi yake hayamruhusu kuonekana anamfanyia marehemu ubahili. Usichukue kulipa kwake kama ushahidi kwamba bei yako ni ya haki. Mambo ya Walawi 25:14 inazungumza na pande zote mbili kwa pumzi moja: ukiuza au ukinunua, msipunjane.

Daudi ni kisa kingine. Tauni imeua watu 70,000, na nabii Gadi amemtuma mfalme ajenge madhabahu kwenye uwanja wa Arauna Myebusi. Arauna anatoa vyote: uwanja, ng'ombe wa kutolewa sadaka, hata vyombo vya kupuria na nira viwe kuni. Bure tena. Na Daudi anakataa, kwa sababu hataki kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu. Angalia tofauti. Ibrahimu alilipa ili apate uhakika kwa ajili ya watoto wake. Daudi alilipa kwa sababu kuna vitu vikipatikana bure vinakuwa si sadaka tena. Vinakuwa sadaka ya Arauna iliyobebwa na Daudi. Mahali pale ndipo Sulemani alipokuja kujenga hekalu (2 Mambo ya Nyakati 3:1).

Sasa nije kwetu, na hapa baadhi yenu mtaninunia Jumapili.

Kuna kitu katika makanisa yetu kinaitwa bei ya ndugu. Fundi cherehani akiokoka tu, wateja wa kanisani wanaongezeka na mapato yanapungua. "Fundi, si wewe ni ndugu yetu? Nishonee kwa mia tatu, Mungu atakulipa." Halafu anachukua nguo, hiyo mia tatu analeta mia moja, nyingine "nitakuona Jumapili". Mtu huyo huyo Jumatatu anaingia supamaketi, anasoma bei ilivyobandikwa, anatoa pesa, anasema asante. Hajamwambia mhudumu wa kaunta kwamba Mungu atamlipa. Kwa mgeni asiyemjua analipa kamili. Kwa ndugu aliyemwombea mtoto wake akiwa mgonjwa, anakamua mpaka tone la mwisho. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayesema hiki kibaya, hiki kibaya, kisha akienda zake anajisifu. Tumemleta mtu huyo kanisani na tumempa jina zuri la ushirika.

Sisemi kujadili bei ni dhambi. Hapa Pwani kujadiliana ni maongezi, ni salamu, na muuzaji mwenyewe ameweka nafasi ndani ya bei akijua utasema yako. Anayelipa bei ya kwanza bila neno wakati mwingine hata huonekana ana kiburi. Ninachouliza ni kingine: bei ile unayomshusha nayo ndugu, inamwachia nini? Kitambaa anajua bei yake, uzi anajua, stima analipa, kodi ya kibanda analipa. Ukishamaliza kushusha, kilichobaki ni chakula cha watoto wake. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unalia, na kilio kinafika masikioni mwa Bwana. Tumezoea kudhani mstari huo ni wa matajiri wa mashamba makubwa. Mtu anayedaiwa na fundi wake shilingi mia mbili tangu Pasaka naye yumo.

Wale wanaolipa zaidi kwa hiari nimewaona pia, na ni mashahidi wangu. Kuna watu katika kanisa hili wanaonunua mboga kwa mjane fulani, si kwa sababu mboga zake ni nzuri kuliko za wengine, na hawachukui chenji. Hawaiiti sadaka, hawaiandiki popote. Wamechagua tu kwamba pesa ambayo lazima watumie leo ipitie mkono huu badala ya ule.

Na wewe unayeuza, usikae hapo ukisema amina kwa sauti kubwa. Mteja hakulipi zaidi kwa sababu umeokoka. Kibao kilichoandikwa "Yehova Yire" hakipikii mahamri. Yule mama wa shilingi 15 anapata wateja kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi yako tayari, kila siku, mvua au jua, na mafuta yake si ya juzi. Dereva wa kesha analipwa 50 zaidi kwa sababu miaka mitatu hajawahi kumwacha mtu njiani wala kuongeza bei katikati ya safari. Uaminifu huo haununuliwi kwa tangazo. Unajengwa taratibu sana, na kibaba kimoja kilichobonyezwa chini kinaubomoa. Mnajua ninachosema: kile kikopo cha kupimia ambacho kitako chake kimegongwa kiingie ndani, mchele ukijaa juu unaonekana kamili. Amosi 8:5 inataja wafanyabiashara wanaosubiri Sabato iishe ili wapunguze kipimo na kuongeza bei. Wanaimba ibadani huku wanapiga hesabu.

Neno la mwisho ni letu sisi watumishi. Naamani alifika kwa Elisha na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10, na baada ya kupona alitaka kulipa. Mtu aliyetoka ukoma halipi bei ya soko. Ukitaja lolote atatoa. Ndiyo maana Elisha alikataa kabisa, na ndiyo maana Gehazi alikimbia nyuma ya gari. Gehazi hakuiba. Alitaja tu bei, na Naamani akaongeza juu yake: aliombwa talanta moja, akasisitiza ampe mbili. Mteja aliridhika kabisa! Na ukoma ukahamia kwa Gehazi. Kwa hivyo unapoona chupa ya mafuta ya kupikia imeombewa na kuwekewa bei mara kumi, na foleni ni ndefu, usiniambie foleni inathibitisha kitu. Inathibitisha watu wana shida.

Kwa vikundi vya Alhamisi: zungumzeni kwanza ni nani mnayemlipa zaidi kwa hiari, na mnanunua nini hasa kwa hiyo nyongeza. Kisha kila mmoja, kimya kimya, afikirie kama kuna ndugu wa kanisani anayemdai. Asitaje jina mbele ya watu, aende akalipe kabla ya Jumapili. Wenye biashara za kupima, mchele, maharage, unga, mje na vibaba vyenu. Mizani ya jikoni ya kanisa itakuwa ofisini kuanzia saa kumi jioni, na tutapima pamoja, kuanzia na kikopo tunachogawia chakula cha wahitaji.